UZI: Kubeba mizigo kutwa si mazoezi. Tuzungumze nguvu za mwili, watu wa Lamu na Malindi

Chuma_Langoni (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wadau. Kila jioni uani kwetu Langoni hakukosi mpita njia wa kuchungulia, akaona vijana wanainua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, akacheka. Maneno ni yale yale: "Nendeni gatini mkapakue saruji, mtapata nguvu na pesa juu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja mlangoni, naweka jibu hapa.

Mahamali wetu wana nguvu, hilo halina ubishi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtu anautoa chomboni, anapita nao kwenye ubao unaonesa, anapanda ngazi za gati zenye utelezi, na nyuma yake kuna mifuko mingine inamngoja. Nani atasema huyo ni dhaifu? Swali langu ni jingine. Je, mwaka huu ana nguvu kuliko mwaka jana? Mara nyingi hana. Mfuko ulikuwa kilo 50 siku alipoanza kazi na utakuwa kilo 50 siku atakapoiacha. Mwili haujengi kitu usichodaiwa. Miezi ile ya mwanzo ulidaiwa, ukajenga. Ulipouzoea mzigo ukatulia hapo hapo, na kinachoongezeka tangu siku hiyo ni maumivu ya mgongo.

Mazoezi ya nguvu ni kuongeza deni kwa makusudi, kidogo kidogo, kisha kuupa mwili chakula na usingizi ulilipe. Ukiondoa hilo, yaliyobaki ni vifaa na mapambo.

Wala si maneno ya jana. Wagiriki wana kisa cha mwanamieleka Milo wa Croton, wa karne ya 6 kabla ya Kristo, eti alimbeba ndama kila siku mpaka akawa fahali. Ni kisa tu, na mfugaji yeyote wa Mpeketoni atakwambia ndama hukua haraka kuliko bega la mtu. Aliyelipeleka jambo hili hospitalini ni daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa na askari wenye majeraha ya magoti. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi, na walikuwa hawaponi upesi. Yeye akawapa vyuma vizito, wavinyanyue mara chache, na uzito ukaongezwa kadiri walivyopata nguvu. Aliandika matokeo yake mwaka 1945, na hizi seti za marudio 10 (seti ni fungu moja la kurudia zoezi kabla ya kupumzika) ambazo kila mtu anazifanya leo zimetoka zaidi kwake.

Pale uani tunafanya hivi. Kuchuchumaa na kusimama. Kuinama kwa nyonga, mgongo umenyooka, na kuinua kitu kutoka chini. Kusukuma, yaani pushapu au kusukuma chuma juu ya kichwa. Kuvuta, kwa kuning'inia kwenye boriti au kuvuta ndoo kuelekea kifuani. Na kubeba vitu vizito mikononi ukatembea navyo. Basi. Kila moja seti 2 au 3, marudio 8 mpaka 12, na unaacha ukijua ungeweza kuongeza mawili tu, si zaidi. Siku mbili au tatu kwa wiki, kila baada ya siku ya mazoezi ipite siku moja ya kupumzika.

Ukifikisha marudio 12 kwenye seti zote bila kuharibu mkao, ongeza uzito, rudi kwenye 8, anza kupanda tena. Na andika daftarini. Asiye na daftari huinua kile kile mwaka mzima, na hapo anakuwa hamali asiyelipwa.

Tanga_Bovu

Maneno mazuri lakini mimi nimekulia Matondoni. Mafundi wa majahazi wana mikono kama miti ya mikoko na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika daftari. Manahodha nao walitweka foromali, ule mti wa kufungia tanga, kwa kamba, watu wanne watano wanavuta kwa wimbo. Hiyo ndiyo jimu. Nyinyi mmeshika makopo ya rangi.

Chuma_Langoni

@Tanga_Bovu bwana, umenipa hoja yangu mwenyewe. Mkono wa fundi ni mkubwa kwa sababu tangu utotoni alianza na nyundo ndogo, akapewa kubwa, akapewa shoka, akaja kupewa mbao nzito. Alipandishwa daraja kwa miaka. Daftari lake lilikuwa mwalimu wake. Leo kijana ameketi dukani au yuko na simu barazani kutwa, hana wa kumpandisha. Ndiyo maana daftari.

Halafu mwangalie fundi huyo huyo akiwa na miaka 55. Mkono wa kulia chuma, bega la kushoto limekufa. Kazi huchagua inachotaka, haikuulizi.

Hamali_Mtulivu

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye chombo tunarudi kutoka Mokowe. Mimi ndiye mnayemzungumzia. Sikasiriki, mmesema kweli. Asubuhi nikiamka kiuno kimekaza, mpaka nipige hatua hamsini ndipo kinaachia. Sasa wewe Chuma wataka niongeze mazoezi juu ya kazi? Nitapata wapi pumzi?

Chuma_Langoni

Pole kaka. La, usiongeze kubeba hata kidogo, kubeba umekushiba. Wewe unafanya kile ambacho kazi haikupi.

Kazi yako inakandamiza kutoka juu: begani, shingoni, kiunoni. Hakuna inapokuvuta. Kwa hiyo ning'inia kwenye boriti, halafu ukiweza vuta kidevu kipite juu yake. Ukishindwa kuvuta, ruka ufike juu kisha shuka polepole, hesabu mpaka tano. Kushuka polepole ni zoezi kamili.

Pili, kiuno. Shika ndoo yenye lita 10 tu za maji. Simama, peleka makalio nyuma kana kwamba unasukuma mlango kwa nyuma, magoti yakunje kidogo, ndoo ishuke karibu na miguu, mgongo usipinde. Rudi juu kwa kukaza makalio. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua hasa unachoinua, na wiki ijayo unatia lita 12. Utacheka kwamba ni nyepesi. Ni nyepesi kweli, tunafundisha nyonga zifanye kazi ambayo kiuno kimekuwa kikiifanya peke yake.

Mara mbili kwa wiki, dakika ishirini, siku ambazo vyombo ni vichache. Na ikiwa maumivu yanashuka mguuni, au unahisi ganzi, hilo si la uzi huu, nenda hospitali ya King Fahd wakuangalie kwanza.

Binti_Mkomani

Shukran kwa uzi. Mwatuandikia wanaume tu lakini. Mimi naogopa nisije nikawa na kifua na mabega ya kiume. Na uani kwenu siwezi kuja, mnajua wenyewe.

Dada_Tizi

Binti, hili nijibu mimi, hao wanaume watazunguka.

Hutakuwa na mabega ya kiume. Homoni inayokuza misuli mikubwa mwanamke anayo kidogo sana kuliko mwanamume, mara kumi na zaidi. Wale unaowaona kwenye picha wamejaa misuli wamefanya kazi hiyo miaka, wanakula kwa mizani, na baadhi yao wamejidunga. Wewe utakachopata ni mwili kukaza, mgongo kunyooka, na kupanda ngazi za nyumba zetu hizi za ghorofa tatu bila kuhema.

Na lipo jambo ambalo mama zetu hawakuambiwa: mifupa. Mwanamke akikoma hedhi, mifupa hupoteza uzito haraka, ndipo unasikia bibi ameteleza kidogo bafuni na nyonga imevunjika. Mfupa nao hujengwa kwa kubebeshwa, kama msuli. Ukianza mapema unaweka akiba.

Pa kufanyia ni chumbani. Mlango umefungwa, kanga kiunoni au suruali, hakuna anayekuona. Pushapu anzia ukutani, umesimama. Ukizoea, weka mikono kwenye ukingo wa kitanda. Ukizoea tena, shuka chini. Kila unapoteremka mwili unakuwa mzito zaidi mikononi, hata chuma huhitaji. Kwa miguu kuna kidumu cha mafuta cha lita 5, kikumbatie kifuani ukichuchumaa. Kikijaa maji ni kilo 5 na ushei, kikijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 8.

Tanga_Bovu

Mchanga wa wapi? Isiwe mnakwenda kuchota matuta ya Shela!

Dada_Tizi

La hasha. Matuta yale ndiyo yanayokamata mvua, maji matamu ya mji huu yanatoka chini yake. Chota mabaki ya mchanga kwa jirani anayejenga, hakuna atakayekunyima vidumu viwili.

Mla_Viazi_Karai

Niko Malindi, nawasalimu. Mimi shida yangu ni moja tu: tumbo. Nafanya situpu kila usiku mpaka shingo inauma, tumbo liko pale pale. Kuna jamaa jimu ya huku anauza unga ndani ya mkebe mkubwa, anasema nikinywa mwezi mmoja tumbo linageuka misuli. Bei yake ni ya kumnunulia mke gauni la Idi. Ninunue?

Chuma_Langoni

Usinunue. Mafuta hayageuki misuli na misuli haigeuki mafuta, ni vitu viwili tofauti kama jiwe na mbao. Na mwili hauchagui kutoa mafuta pale unapofanyia zoezi. Situpu inakaza msuli ulio chini ya mafuta. Mafuta yenyewe yanaondoka ukila pungufu kidogo ya unachotumia, na yanaondoka yanakotaka yenyewe, tumbo mara nyingi likiwa la mwisho. Sina habari njema zaidi ya hiyo. Jina lako la hapa jukwaani lenyewe linatoa ushahidi.

Kuhusu unga: mingi ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Si sumu, lakini si dawa. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji protini kiasi cha gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo sana. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 110. Sasa hesabu. Samaki, chukua changu au tafi au jodari, kila gramu 100 za nyama yake zina protini gramu 20 hivi. Yai moja lina 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Mbaazi za nazi za asubuhi nazo zimo, ila punguza mahamri yanayoandamana nazo. Pwani hii mtu kununua protini ya mkebe na bahari iko mlangoni ni kutupa pesa, labda kama hali samaki.

Kitu pekee cha mkebe ambacho kimefanyiwa utafiti mwingi na kikaonekana kusaidia nguvu ni kriatini, gramu 3 mpaka 5 kwa siku. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza. Na yeyote anayekuuzia sindano au vidonge vya "kukuza haraka", mkimbie. Zile ni homoni. Zinaharibu moyo na ini, na zinakausha korodani mtu akakosa watoto. Nasema wazi kwa sababu vijana wanadanganywa kwa kunong'onezwa.

Mla_Viazi_Karai

Nimeacha unga. Viazi karai siachi.

Dada_Tizi

Kula viwili badala ya sahani. Hatuna ugomvi na viazi.

Mstaafu_wa_Shela

Wajukuu, hamjambo. Nina miaka 71. Sijda naingia, kuinuka ndiko kunakonitesa, nashika goti kwa mkono. Kupanda boti pia siku hizi nanyooshewa mkono na vijana, na sipendi. Wenzangu barazani wananiambia umri ndio huo, nitulie. Mwasemaje?

Chuma_Langoni

Shikamoo mzee wangu. Wenzako wamesema nusu. Ni kweli msuli unapungua, unaanza tangu miaka ya thelathini na unazidi kasi baada ya 60. Lakini kutulia ndiko kunakoumaliza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na zile dakika 150 za kutembea kwa kasi. Wenye miaka 65 na kuendelea wameongezewa: siku 3 za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara wasianguke.

Na msuli wa mzee unasikia amri. Mwaka 1990 kulichapishwa utafiti wa Boston wa wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao wastani ni miaka 90. Walinyanyua vizito kwa miguu wiki 8, na kwa waliofika mwisho wa wiki hizo, nguvu za mapaja zikazidi maradufu. Wewe wa 71 ni kijana kwao.

Zoezi lako umelikalia, mzee. Ni baraza. Keti kwenye baraza iliyo juu, miguu chini imara, mikono ifumbate kifuani. Inuka bila kushika kitu, kisha keti polepole, usijitupe. Fanya mara 8, pumzika dakika mbili, rudia. Siku utakapofika 12 bila taabu, hamia baraza ya chini zaidi, au daraja ya mlangoni. Kwako kuongeza uzito ni kushuka kimo. Kutoka hapo mpaka sijda si mbali.

Na usibane pumzi unapoinuka. Toa pumzi ukienda juu, vuta ukishuka. Kubana pumzi hupandisha presha kwa ghafla, na ikiwa una presha au moyo, mwambie daktari wako kabla ya kuanza.

Mstaafu_wa_Shela

Baraza ya msikitini ni ndefu ya kutosha watu sita. Nitawaamuru na wao.

Kijana_wa_Kisumu_Ndogo

Nilianza baada ya kusoma uzi huu. Leo siku ya pili siwezi hata kushuka ngazi, mapaja yamekuwa mawe. Wananiambia ni asidi imeganda kwenye misuli, ninywe maji ya ndimu. Kweli?

Tabibu_Mwanafunzi

Nimo nasoma kimya, hapa niingie. Si asidi. Ile inayozalishwa wakati wa mazoezi huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja au mbili. Unayoyasikia ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo kwa kazi zisiyoizoea, zinatengenezwa. Kilele ni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanaisha. Tembea, fanya mwendo mwepesi. Ndimu haidhuru. Na maumivu hayo si kipimo cha zoezi zuri, ukizoea yatapungua na bado utakuwa unajenga.

Lakini soma hili vizuri: ukiona misuli imevimba, maumivu hayavumiliki, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai nzito au kola, usingoje asubuhi. Nenda hospitali. Hapo msuli umevunjika kupita kiasi na mabaki yake yanaziba figo. Humtokea zaidi anayeanza kwa pupa, kwenye joto, bila maji. Na joto letu la kaskazi mnalijua.

Binti_Mkomani

Na Ramadhani je? Yote haya yanakufa mwezi mzima?

Chuma_Langoni

Hayafi. Kulinda nguvu ni rahisi kuliko kuzijenga. Theluthi moja ya seti zako inatosha kwa wiki hizo, mradi uzito usiushushe sana. Pale uani wengi huja baada ya tarawehe, wameshakula na kunywa. Wengine hufanya kidogo kabla ya futari, ili wakimaliza tu wafuturu, lakini hao nawakataza vitu vizito na jua likiwa kali. Usilofanya ni zoezi la asubuhi kisha ukakaa na kiu mpaka magharibi.

Kijana_wa_Kisumu_Ndogo

Swali langu la mwisho. Nitaona mabadiliko lini kwenye kioo?

Chuma_Langoni

Kwenye kioo, miezi miwili mitatu, na wewe ndiye utakuwa wa mwisho kuyaona kwa sababu unajitazama kila siku. Daftarini utayaona mapema, wiki ya tatu tu utakuwa unainua zaidi. Usidhani msuli umekua upesi hivyo. Wiki za mwanzo ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha msuli ulio nao tayari. Ukubwa unafuata nyuma. Wengi huacha katikati ya hizo mbili, wakisema "sioni kitu."

Hamali_Mtulivu

Narudi kutoa ripoti. Ndoo nimefika lita 16. Asubuhi kiuno bado kinakaza ila si kama zamani, naamka nikaenda moja kwa moja. Kuvuta kidevu bado nashuka tu, kupanda sijaweza. Swali: nafanya pekupeku, ni makosa?

Chuma_Langoni

Si makosa, mguu mtupu unashika chini vizuri kuliko raba yenye soli laini. Ndala ndiyo usivae, na sakafu isiwe na maji. Kupanda endelea kushuka polepole, ukifika hesabu ya kumi jaribu kuvuta mara moja, halafu njoo utuambie.